Je, Yafaa Kumwita Mchumba "Mpenzi"?



Maswali mengi anayoulizwa mwalimu wa dini yana majibu yaliyokwisha kuandikwa vitabuni, na kazi ya mwalimu ni kufungua ukurasa tu. Lakini liko swali moja nililoulizwa Kibondo baada ya darsa la alasiri, ambalo nililijibu upesi, na kwa kulijibu upesi sikulijibu vema. Makala hii ni jaribio la kulijibu mara ya pili, kwani naamini kwamba aliyeniuliza si peke yake mwenye swali hilo.

Muulizaji alikuwa kijana aliyeingia katika Uislamu karibu mwaka mmoja kabla ya siku hiyo. Alikuwa amekwisha kupeleka posa kwa watu wa upande wa Kasulu, wazee wa pande mbili wakakubaliana, na lililobaki ni kukamilisha mahari na kuweka siku. Kati yake na mchumba wake ulikuwapo mwendo wa saa kadhaa kwa basi, kwa hiyo mazungumzo yao yakawa ni ya simu. Kabla ya kusilimu alikuwa na desturi ya kumwita binti yule kwa majina ya mapenzi: leo "asali", kesho "laazizi", keshokutwa "bebi". Ndugu mmoja msikitini akamwambia kwamba hayo ni haramu, naye akaacha mara moja, bila ya kumweleza mwenzake neno lolote. Binti akanyamaza siku tatu, kisha akamwandikia kwamba tangu aingie dini hii amekuwa kama karani wa ofisi, na kama amemchoka aseme.

Kijana akaniuliza: "Sheikh, je, dini yangu inanitaka nimnyime binti huyu neno jema? Na akiamini kwamba Uislamu ndio ulioninyang'anya ulimi, nitamwitaje kesho aje kuusikiliza?"

Nikamjibu kwa maneno machache kwamba huyo bado si mkewe, na asubiri ndoa. Akasema, "Nimesikia, Sheikh," akaenda zake. Lakini nilipokuwa nikirudi Kasulu kwa barabara ile itokayo Nyakanazi, niliona kwamba nimempa hukumu bila ya kumpa sababu. Mtu mzima aliyezaliwa katika Uislamu huenda akaridhika na hukumu peke yake. Lakini yule aliyeacha dini ya wazazi wake kwa sababu ameshawishika na hoja, anayo haki ya kupewa hoja katika mambo mengine pia.

JINA NI KITU GANI?

Yatupasa kwanza tufahamu jina ni kitu gani. Katika nchi yetu ya Buha, yaani Kasulu na Kibondo pamoja na wilaya za Buhigwe na Kakonko zilizozaliwa kutoka kwao mwaka 2012, mtoto hapewi jina kwa kuokota. Majina mengi ya Waha ni sentensi kamili. Liko jina lenye kusimulia taabu iliyoupata ukoo, liko lenye kujibu maneno ya jirani, na yako mengi yenye kumtaja Imana, ambalo ndilo jina la Mungu katika Kiha kama lilivyo katika Kirundi. Anayelisikia jina hilo husikia habari ya nyumba nzima. Na hata salamu za Waha, ambazo wageni hushangazwa na urefu wake, zinafundisha jambo hilo hilo: kumtamkia mtu neno ni kumpa heshima ya namna fulani, wala halitamkwi ovyo.

Uislamu unakubaliana na hekima hiyo na kuikamilisha. Kurani Tukufu inaeleza kwamba elimu ya kwanza aliyopewa Adamu na Mola wake ilikuwa ni elimu ya majina (2:32). Inatukataza kuitana kwa majina ya kubezana (49:12). Na Mtume Mtukufu Muhammad (s.a.w.) alikuwa akiyabadili majina yenye maana mbaya: mwanamke aliyekuwa akiitwa Asiya, kwa maana ya mwenye kuasi, alimpa jina la Jamila, yaani mzuri. Basi ikiwa jina ni kitu chepesi kisicho na athari, kwa nini Mtume wa Mwenyezi Mungu ajishughulishe nalo?

Jina la mapenzi ni jina pia. Tofauti yake na jina la kuzaliwa ni kwamba hili la kuzaliwa hupewa mtu na wazazi wake, nao humpa pamoja na malezi, chakula, mavazi na ulinzi. Lakini jina la mapenzi hutolewa na mtu mwingine ambaye, kwa kulitamka, anajitangazia haki mpya juu ya huyo anayeitwa. Ndipo linapozuka swali: haki hiyo ameipata wapi, na ameilipia nini?

NENO LA MAPENZI LINABEBA MAMBO MATATU

Mtu amwambiapo mwenzake "mpenzi wangu", neno hilo, pamoja na ufupi wake, linabeba mambo matatu kwa wakati mmoja.

La kwanza ni habari. Anasema kwamba moyoni mwake limo pendo. Na kila habari yaweza kuwa kweli au uongo.

La pili ni ombi. Neno mpenzi latokana na kupenda, na katika Kiswahili lina maana ya yule apendaye na ya yule apendwaye pia. Kwa hiyo anayelitamka hasemi tu, "Nakupenda," bali pia anataka ajibiwe kwa kupendwa.

La tatu, na ndilo zito kupita yote, ni ahadi. Neno "wangu" halina maana ya leo tu. Hakuna msichana ambaye akiitwa "wangu" huelewa kwamba ni wake mpaka Ijumaa. Huelewa kwamba ni wake kesho na keshokutwa, na juu ya ufahamu huo hujenga: huwakataa wachumba wengine, huwaeleza rafiki zake, hupanga maisha yake. Wahenga wetu walisema kwamba ahadi ni deni. Kurani Tukufu nayo inatuambia kwamba ahadi itaulizwa (17:35), na inawalaumu waaminio wanaosema wasiyoyatenda, na kulihesabu jambo hilo kuwa ni chukizo kubwa mbele ya Mungu (61:3-4).

Wala si dini peke yake inayoliona jambo hili. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inampa mtu aliyeahidiwa ndoa kisha akaachwa haki ya kudai fidia kwa hasara aliyoipata kwa sababu ya ahadi hiyo. Lakini, ewe msomaji, ni hasara ngapi ambazo hakuna hakimu awezaye kuzipima? Msichana aliyeitwa "wangu" kwa miaka miwili kisha simu yake ikaacha kupokewa, atapeleka ushahidi gani mahakamani? Fedha ya nauli yaweza kuhesabiwa, na nguo zaweza kurudishwa. Lakini imani aliyokuwa nayo juu ya maneno ya watu, ambayo sasa hanayo tena, na ambayo mume wake wa halali atakuja kuikosa kwa kosa asilolitenda, nani atakayeirudisha?

Hapo ndipo ulipo uzito wa jambo hili. Mtu anayetumia maneno ya mapenzi pasipo ahadi hamdhuru yule mmoja tu. Anaharibu sarafu ambayo watu wote wanaitegemea. Noti bandia haimwibii aliyeipokea peke yake. Huwafanya watu wa soko zima waanze kuzishuku hata noti za halali.

TOFAUTI YA BARUA NA SIMU

Zamani za mkoloni, maelfu ya Waha walitoka katika nchi hii wakaenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanga, nao wakaitwa manamba. Walikaa huko miezi mingi, na wengine miaka. Wengi wao hawakujua kusoma wala kuandika. Aliyetaka kupeleka habari nyumbani ilimbidi amtafute mwenye kujua kalamu, na huku nyumbani barua ilimbidi msomaji aisome kwa sauti mbele ya watu. Kwa njia hiyo neno la kijana kwa mchumba wake lilipita katika vinywa vya watu wawili au watatu kabla ya kumfikia. Sisemi kwamba hali hiyo ilikuwa njema katika kila jambo. Kutokujua kusoma ni giza. Lakini ilikuwa na faida moja, kwamba mtu hakuweza kuandika neno ambalo angeona haya kulisikia likisomwa mbele ya mzee.

Leo simu imeondoa mashahidi wote. Neno linatoka katika kiganja cha huyu na kuingia katika kiganja cha yule, saa sita za usiku, wala hakuna ajuaye. Tena neno hilo hilo, bila ya kubadilishwa hata herufi, laweza kupelekwa kwa wasichana watatu kwa dakika moja. Kila mmoja wa watatu hao atalala akiamini kwamba ameandikiwa yeye.

Sheikh Kaluta Amri Abedi, mwana wa Kigoma aliyefariki mwaka 1964, aliandika mwaka 1954 kitabu cha kufundisha sheria za kutunga mashairi. Yeyote aliyejifunza sanaa hiyo anajua kwamba mshairi hupima kila neno kwa mizani kabla ya kulitia katika ubeti, na likizidi hata silabi moja hulitoa. Ikiwa beti za karatasi zinastahili kupimwa kiasi hicho, je, maneno yanayokwenda kujenga au kuvunja maisha ya binti wa watu yasipimwe?

MAFUNDISHO YA UISLAMU

Uislamu haukubali desturi ya kijana wa kiume na wa kike kufanya urafiki wa faragha kwa kujaribiana, kisha waone kama watafika katika ndoa au hapana. Unataka posa iwe wazi, walii ajulishwe, na ndoa ifungwe mbele ya mashahidi. Lakini isidhaniwe kwamba kwa ajili hiyo Uislamu unaamuru watu waoane kama vipofu. Sahaba Mughira bin Shu'ba (r.a.) alipotaka kuposa, Mtume Mtukufu (s.a.w.) alimwagiza aende akamwone binti, na akaeleza kwamba kufanya hivyo kutasaidia kuleta mapatano ya kudumu kati yao. Basi kuonana kwa heshima, kuulizana na kujuana tabia ni jambo jema.

Katika habari ya maneno, Kurani Tukufu inatupa kanuni nzuri. Inapozungumza juu ya wanawake waliofiwa na waume na ambao bado wamo katika eda, inaeleza kwamba si dhambi mtu kudokeza nia yake ya kuposa, wala kuificha moyoni. Mwenyezi Mungu anajua kwamba wanaume watawakumbuka wanawake hao. Lakini inakataza kuahidiana nao kwa siri, isipokuwa kwa kusema neno lililo jema na lenye kujulikana (2:236). Ni kweli kwamba aya hiyo imeshuka juu ya wajane. Hata hivyo, tazama jinsi inavyoujua moyo wa mwanadamu. Haikatazi pendo lenyewe, wala haimwambii mtu ajifanye jiwe. Inachokikataza ni siri. Na neno inalolitumia kwa kauli njema ni maarufu, neno ambalo hata katika Kiswahili tunalo, lenye maana ya kitu kinachojulikana, kisichohitaji kufichwa.

Vile vile Kitabu hicho hicho kinawaamuru wanaume wainamishe macho yao na kuhifadhi utupu wao, na amri hiyo inaanza kwa wanaume kabla ya wanawake (24:31-32). Nataka vijana wa kiume walitambue jambo hilo vizuri. Mara nyingi katika jamii zetu binti ndiye anayekemewa kwa kuandikiwa maneno, na yule aliyeyaandika hupita kifua mbele. Hiyo si haki ya Kiislamu. Aliyetega mtego ndiye wa kwanza kuulizwa.

Kwa hiyo kipimo chetu ni hiki: neno lolote ambalo mchumba aweza kulisema mbele ya baba wa binti, na baba asiinamishe uso kwa haya, hilo ni neno maarufu. Neno ambalo laweza kusemwa gizani tu, hilo halijafikiwa na wakati wake.

Na kipimo hiki kinatueleza kwa nini neno "mpenzi" lenyewe halina hatia. Watangazaji wa redio husema "wapenzi wasikilizaji", waandishi husema "mpenzi msomaji", wala hakuna mume anayewagombeza. Neno ni lile lile, lakini limesemwa hadharani, kwa wote, bila ya dai la siri juu ya yeyote. Basi hatuhukumu herufi. Tunahukumu dai lililomo ndani yake na mahali linapotamkwa.

"LAKINI PENDO LISILOTAMKWA HUFA"

Huenda mtu akasema: "Pendo lisilotamkwa hufa. Tena wachumba wasipoitana kwa majina matamu, watajuanaje?"

Hoja hii ina nguvu, nami siidharau. Naijibu kwa njia mbili.

Kwanza, kumwita mtu "asali" si njia ya kumjua. Mara nyingi ni njia ya kuruka kazi ya kumjua. Asali ni jina linaloweza kumfaa kila mtu, na kwa sababu hiyo halimhusu yeyote. Kijana aweza kumwita binti "malaika" mwaka mzima, na asijue kwamba hukasirika haraka, au kwamba anamlea mdogo wake yatima, au kwamba anataka kuendelea na masomo baada ya ndoa. Siku atakapoyajua hayo atasema amedanganywa, kumbe hakudanganywa, hakuuliza. Mwite kwa jina lake, kisha muulize mambo yake. Jina lake la kweli lina nafasi ya kuingia kila utakachokijua juu yake, kizuri na kigumu.

Pili, angalia majina ya mapenzi aliyoyatoa Mtume Mtukufu (s.a.w.), jinsi yalivyozaliwa. Siku moja alifika nyumbani kwa binti yake Fatima (r.a.) asimkute mkwewe Ali (r.a.), kwa kuwa palikuwa na kutoelewana kidogo kati ya mume na mke. Akamkuta msikitini amelala, shuka imeteleza na mgongo wake umejaa vumbi. Akaanza kumfuta vumbi kwa mkono wake huku akimwita Abu Turab, yaani baba wa udongo, na kumtaka ainuke. Imepokewa kwamba hapakuwa na jina alilolipenda Ali zaidi ya hilo. Jina hilo halikununuliwa sokoni. Lilizaliwa siku ile, kwa tendo lile, kwa mkono ule uliofuta vumbi. Haliwezi kupewa mtu mwingine, kwa sababu hakuna mwingine aliyelala pale.

Hilo ndilo jina la mapenzi la kweli. Huja baada ya maisha ya pamoja, wala haliji kabla yake. Anayeligawa kabla ya kuishi pamoja na mtu hana budi kuliazima kwa watu wengine, ndiyo maana vijana wote wanatumia majina yale yale.

Ama kuhusu kutamka pendo, njia ziko nyingi zilizo maarufu. Mtu aweza kumwambia mchumba wake, hata wazazi wakiwapo, kwamba anamheshimu, kwamba ameridhika naye, kwamba anamwombea katika sala zake, kwamba anafanya kazi kwa bidii ili mahari ikamilike mapema. Nani atasema maneno hayo ni makavu? Na ikiwa kijana anaona kwamba moyo wake umejaa kiasi hawezi kungoja, basi asitafute maneno ya wizi, aharakishe ndoa. Ndoa yaweza kufungwa, na siku ya kumchukua bibi arusi ikawa baadaye. Baada ya kufungwa kwake wao ni mume na mke, na simu hiyo hiyo iliyokuwa hatari inakuwa chombo cha rehema.

KOSA LA UPANDE WA PILI

Sasa, ndugu msomaji, ningeweza kuikomesha makala hapa, na baadhi ya wazee wangefurahi. Lakini uadilifu unanilazimisha niendelee.

Jioni ile nilipofika nyumbani nilimsimulia mke wangu habari ya kijana wa Kibondo na jibu nililompa. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Umemjibu vema, mume wangu. Na sisi ambao ndoa yetu ilifungwa zamani, wewe mke wako unamwitaje?"

Sikuwa na jawabu. Namwita kwa jina la mtoto wetu wa kwanza, Mama Fulani, kama tufanyavyo wengi. Hiyo ni desturi ya heshima, wala siilaumu. Lakini nilipojaribu kukumbuka lini mara ya mwisho nilimwita kwa neno lililotoka moyoni kwa ajili yake yeye mwenyewe, si kwa ajili ya mtoto wala kwa ajili ya chakula, sikuikumbuka siku hiyo. Nikaona kwamba nimekuwa mlinzi hodari wa ghala lisilo na nafaka ndani yake. Nawakataza vijana wasiyatumie maneno matamu nje ya ndoa, kwa hoja kwamba yamewekewa ndoa, na ndani ya ndoa yenyewe siyatumii. Kijana akiniuliza, "Sheikh, mbona na ninyi hamyasemi?" nitamwambia nini?

Huu si mwendo wa Mtume Mtukufu (s.a.w.). Yeye alikuwa akimwita Bibi Aisha (r.a.) kwa kulikata jina lake, akisema Aish, kama watu wafanyavyo kwa wale wanaowapenda. Tena imepokewa kwamba alimweleza kuwa anajua anapokuwa radhi naye na anapokasirika: akiwa radhi huapa kwa Mola wa Muhammad, na akikasirika huapa kwa Mola wa Ibrahimu. Bibi Aisha alikiri kwamba ni kweli, lakini akaeleza kwamba analoliacha ni jina lake tu. Tafakari habari hiyo! Mtume wa Mungu, mwenye kubeba mzigo wa umma mzima, alikuwa na nafasi ya kusikiliza mkewe ametumia jina gani leo, na kujua hali ya moyo wake kwa hilo. Na katika zama hizi, Masihi Aliyeahidiwa (a.s.) alipomwona sahaba wake mkubwa, Maulvi Abdul Karim (r.a.), ana ukali wa maneno kwa mkewe, hakunyamaza. Alifunuliwa na Mwenyezi Mungu kwamba njia hiyo si njema, naye akamwonya rafiki yake huyo aliyempenda sana.

Kurani Tukufu inahesabu pendo na rehema kati ya mume na mke kuwa ni miongoni mwa ishara za Mungu (30:22), na inawaamuru waume wakae na wake zao kwa wema (4:20). Katika Kiswahili chetu, Mwana Kupona alimwachia binti yake, mnamo mwaka 1858, utendi wa kumfundisha jinsi ya kumtendea mume kwa upole. Utendi huo umesifiwa sana, na ni haki yake. Lakini waume wangapi wameusifu bila ya kujiuliza upole huo unalipwa kwa nini? Na Shaaban Robert alitunga shairi la kumlilia mkewe Amina, nalo limesomwa na vizazi vya watoto wa shule. Wengi wetu hatutatunga mashairi. Yatupasa basi tuyaseme tuliyo nayo wakati masikio yangali yanasikia.

NASAHA

Kwa muhtasari, nawausia wasomaji mambo yafuatayo:

1. Kijana ambaye hajaposa asimwite binti yeyote kwa jina la mapenzi. Hana ahadi ya kutimiza, na neno lake ni deni asilokusudia kulilipa.

2. Aliyeposa na kukubaliwa atumie maneno maarufu, yale ambayo yeye mwenyewe angeweza kuyasema mbele ya wazazi. Na uchumba usirefushwe bila ya sababu.

3. Anayebadili mwendo wake kwa ajili ya dini amweleze mwenzake sababu. Kunyamaza ghafla ni ukatili, na watu wataudhania ukatili huo kuwa ni Uislamu.

4. Binti anayeandikiwa maneno matamu na mtu asiyetaka kujulikana kwa wazazi wake, ajue kwamba maneno hayo yamekwisha kujieleza yenyewe. Anayekuita "wangu" usiku na asikujue mchana, hajakupa kitu.

5. Waliooana wayarudishe majumbani maneno mema waliyoyaacha. Vijana hujifunza zaidi kwa wanayoyasikia nyumbani kuliko kwa wanayoyasikia mimbarini.

Nilirudi Kibondo baada ya wiki mbili, nikamtafuta yule kijana, nikamwomba radhi kwa jibu langu fupi na kumweleza haya niliyoyaandika. Kwa ushauri wangu alimpigia simu baba wa binti kwanza, akaomba ruhusa ya kuzungumza na mchumba wake, kisha akamweleza kwamba hakumchoka, bali ameona kwamba alikuwa akimpa maneno mengi kuliko haki aliyokuwa nayo ya kuyatoa. Binti alimsikiliza. Alisema kwamba ameelewa, lakini zile siku za kimya bado zinamuuma, na kwamba angelimweleza tangu mwanzo asingelilia. Nami nasema kwamba katika hilo alisema kweli, na sehemu ya lawama hiyo ni yetu sisi walimu.

Mwenyezi Mungu azitakase ndimi zetu, atujalie tusitoe neno ila tumekusudia kulitimiza, na azijaze nyumba zetu pendo na rehema. Amin.